Zamda Kabla Hajawa Jiwe

Sisi tuliolelewa milimani Uluguru zamani zile, nyama tulikula siku ya Idi, na siku nyingine ni ile ambayo mbuzi wa jirani kaanguka bondeni akavunjika mguu. Hatukulalamika. Tulikuwa na mashelisheli ya kuchoma, ndizi za nazi, kisamvu kilichotwangwa mpaka mikono ikaota malengelenge, na makopa ya muhogo wakati wa njaa. Lakini nyama tuliiwaza, jamani. Ndiyo maana yale mawe ya kwenye kijito chetu, mekundu yenye mistari myeupe katikati, tuliyaita mawe ya nyama. Ukilivunja moja ukalilowesha maji, wallahi mate yanakutoka: hapa nyekundu, hapa nyeupe ya mafuta, hapa tena nyekundu. Hilo ndilo jina lake la kwanza, na waliolitoa ni watoto wenye njaa. Nalisema mapema kwa sababu siku hizi jiwe hilo lina jina jingine na hadithi nyingine, na hadithi yenyewe ni uongo mtupu.

Kijiji chetu kiko juu kidogo ya barabara ya Matombo, pale ambapo ukungu wa asubuhi hautoki mpaka mwalimu awe ameshaanza kuchapa wachelewaji. Tulikwenda shule pekupeku, fagio la chelewa begani, umande unauma mpaka vidole vinakufa ganzi. Mchakamchaka kwanza, ukaguzi wa kucha, ndipo hesabu. Jioni, ukishateka maji na kutwanga, ndiyo saa ya michezo: rede, kombolela, na mchezo wenyewe hasa, mdako. Watoto wa leo ukiwatajia mdako wanakuuliza huyo ni msanii gani. Mdako ni kishimo kidogo, vijiwe vingi, na kijiwe kimoja cha kurusha juu. Ukikirusha, unavikumba vile vya shimoni kisha unakidaka chako kabla hakijaanguka. Hauhitaji chaji wala bando.

Bingwa wa mdako alikuwa dada yangu, Zamda. Tumbo letu tulikuwa wasichana wawili tu, yeye na mimi, waliobaki wavulana. Alikuwa mrefu, ana pengo la mbele, na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja kana kwamba kuna mtu hajaliona hilo pengo. Vijiwe vyake vyote vilikuwa mawe ya nyama, kavichagua mwenyewe kijitoni, kavisugua kwa mchanga mpaka vinateleza. Mama akimwita jikoni akakawia, alipaza sauti ng'ambo ya bonde wasikie: "Zamda! Utaolewa na mawe wewe!" Naye anaitika "Abee Mama!" na hasogei hata hatua. Alikuwa mkorofi kweli. Nilimpenda na nilimwogopa, vyote kwa pamoja.

Jina lake halikuokotwa. Kwetu Waluguru mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo wa mama, na jina la marehemu wa ukoo haliachwi likae bila mtu. Linarudishwa kwa mtoto wa kike atakayezaliwa na binti wa ukoo huohuo, na anayelirudisha ni mwanamke mkubwa wa nyumba. Anampakata mtoto mbele ya watu, anamtamkia jina sikioni, basi, imekwisha. Asipotamka yeye, hata mkilichonga kwenye mlango, hilo kwetu si jina. Dada alipewa la mama yake bibi yetu. Kwa hiyo bibi, kichwa kizima mvi, alikuwa akimpigia dada goti na kumwambia, "Shikamoo mama," na dada, kamasi zinamtoka, anajibu, "Marahaba mwanangu, umekula?" Sisi tulicheka mpaka tukashika mbavu. Bibi mwenyewe hakuwa anacheka sana. Kwake yeye, mama yake alikuwa yupo, anakimbia uani na kuiba sukari.

Kisha akaja Bwana Miwani. Tulimwita hivyo kwa sababu ya miwani yake myeusi, ambayo hakuivua hata kwenye ukungu wetu. Alitoka mjini na Landrova akitafuta mawe mekundu ya thamani ambayo watu walikuwa wakiyachimba ng'ambo huko. Ya kwetu hayakuwa hayo. Lakini siku anaondoka alitukuta tunacheza mdako, akachuchumaa, akakiinua kijiwe kimoja cha dada, akakilamba. Akakilamba, jamani, mtu mzima! Akatuambia hiyo ni akiki, ndugu yake na ile ya pete za masheikh. Akasema zamani mno maji yaliingia kwenye matundu ya mwamba, yakaacha utando, na juu ya utando utando mwingine, mpaka tundu likajaa, ndiyo hiyo mistari. Halafu akasema atanunua yote tutakayompelekea, na kadiri lilivyo kubwa ndivyo atakavyotoa zaidi.

Kuanzia hapo mdako ulikufa. Nani acheze na kitu kinachonunuliwa? Watoto tulichimba, na watu wazima walioanza kwa kutucheka wakaja na majembe. Kila mmoja alichimba kuingia ndani ya ukingo wa kijito, kwa sababu ndani ndiko yalikokuwa makubwa. Baada ya muda ukingo ukawa umeliwa chini, juu umebaki udongo mnene na mgomba wa watu umesimama peke yake. Mama alikataza. Baba alikataza na fimbo. Lakini Idi ilikuwa karibu, na Zamda alikuwa ameona raba nyeupe kwenye gulio la Mkuyuni, na akishaamua jambo hakuwa mtu wa kuambiwa.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi aliingia mle ndani, mimi nimesimama ng'ambo ya maji nimeshika sufuria ya kuoshea mawe. Nilimsikia anasema, "Nimelipata, mama weee, hili kubwa!" Kisha nikasikia mlio kama wa gunia la mahindi linapotuliwa chini. Ni huo tu. Nilipotazama, ule mgomba ulikuwa umesimama chini, mahali alipokuwa dada yangu.

Watu wakaja na majembe, halafu wakayatupa kwa kuogopa kumkata, wakafukua kwa mikono. Baba alifukua mpaka kucha zikang'oka. Mama alifika mwisho akapewa njia, na alipoona mguu wa mwanawe ukitoka kwenye tope, hakupiga kelele, alikaa chini palepale majini. Zamda alikuwa amelikumbatia lile jiwe kifuani. Lilikuwa kubwa kuliko ngumi mbili za mtu mzima, limepasuka upande mmoja, na ndani lilikuwa na wekundu ambao sijauona tena. Wanawake waliomuosha walitumia nguvu kulitoa mikononi mwake. Wakaliweka kando ya mlango, kwa kuwa hakuna aliyejua pa kuliweka.

Wenzangu wa kule mnajua kwamba msiba wetu bila mtani unakuwa haujatimia. Kwa ambaye hajui, mtani ni mtu wa ukoo mwingine ambaye kwa mila ana ruhusa ya kutufanyia mzaha hata penye maiti. Ataiga sauti ya marehemu, atavaa nguo zake, atalala njiani azuie watu. Atanyakua kitu cha marehemu na kukataa kukirudisha mpaka wenye msiba wakikomboe, yaani wampe chochote kidogo, hata kipande cha muhogo. Mtani hakasirikiwi. Kazi yake ni kuwafanya waliokaukiwa na machozi wapumue.

Mtani wa ukoo wetu alikuwa Babu Pazi, mzee mfupi mwenye miguu ya matege. Wanaume waliporudi kutoka makaburini walimkuta uani kajifunga kanga ya Zamda, na lile jiwe kalibeba mgongoni kwa mbeleko, analibembeleza huku na huku. "Nyie mnalia nini?" akasema. "Mmezika mgomba huko! Zamda ninaye mimi, huyu hapa, mzito huyu, tangu asubuhi ananidai raba nyeupe! Mnamtaka? Mkomboeni! La sivyo namuoa mimi!" Akaziba mdomo kwa kiganja na kucheka kama dada, vilevile kabisa. Uani kukalipuka kicheko. Na Mama alicheka. Nilimwona kwa macho yangu, machozi yanamtiririka na huku anacheka, na baba akashusha pumzi.

Aliyetakiwa kumkomboa ni Mjomba, kaka yake Mama, maana watoto wa lukolo ni wa mjomba. Akainama, akaanza kufungua fundo la pindo la kikoi chake, anakoweka visarafu. Fundo lilikuwa limekazana. Tunamsubiri, Pazi anaendelea, "Zamda huyo! Nani anamkomboa Zamda?" Ndipo Bwana Miwani akainuka kwenye mkeka. Alikuja kuhani, tusimnyime haki yake, alileta na mchele. Akatoa noti, akamkabidhi Pazi mkononi, akafungua mbeleko taratibu, akalishika jiwe na kulielekeza juani. "Mimi namchukua," akasema. "Zamda, eh? Jina zuri." Akaaga vizuri sana, mkono kwa kila mzee, akateremka kwenye gari lake.

Alidhani tunauza. Mtu wa mjini, mila zetu hazijui, kaona jiwe, kaona mzee ananadi, kasikia jina. Pazi alibaki kasimama na noti mkononi, mbeleko imening'inia. Baba alitaka kukimbilia barabarani, Mjomba akamshika. "Kaa chini, shemeji," akasema, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Ameshakomboa." Kwa mila aliyekomboa ndiye mwenye kitu, na haijawahi kutokea kwetu mgeni akakomboa. Wazee walinong'ona mpaka magharibi wasipate neno. Pazi aliifukia ile noti kando ya kaburi na hakucheza tena utani msibani mpaka alipokufa yeye. Mama aliacha kucheka palepale, na tangu siku hiyo kicheko cha sauti cha mama yangu sijakisikia.

Huko mjini Bwana Miwani aliulizwa jiwe gani hilo, akajibu Zamda. Na mawe yaliyofuata yakawa Zamda, na wachimbaji waliokuja baada yake, na madalali, wote wakayaita Zamda. Kijito chetu kikawa mashimo na maji ya rangi ya chai. Mama akienda gulioni anasikia, "Zamda leo ipo?" "Zamda hii ina nyufa." "Zamda ya mwaka huu mbovu, itupe huko." Wenye biashara walikuwa na aina zao mbili, Zamda maziwa na Zamda damu, na damu ndiyo ya bei. Mara moja kijana alimpita njiani na kiroba kichwani, akamwamkia kwa adabu zote, na Mama akamuuliza umebeba nini baba. "Zamda, bibi. Nimezipondaponda ziingie vizuri." Mama alirudi nyumbani bila kununua chumvi aliyoifuata.

Nilipomzaa binti yangu Rehema, bibi alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mwenye kutamka jina alikuwa Mama. Nilimwekea mtoto mapajani nikangoja. Nilikuwa na uhakika. Nani mwingine angelichukua lile jina kama si mtoto wangu? Mama alimtazama muda mrefu, kisha akamrudisha kwangu. "Zamda alikombolewa na mtu mwingine," akasema. "Mimi sina cha kumpa huyu. Mwite upendavyo." Nikamwita Rehema, nikalia siku kadhaa, nikanyamaza.

Sasa Mama ni mzee, macho yamefifia, naishi naye hapa Kihonda, pembezoni mwa mji, kwenye nyumba yangu ya nyuma ya mashine ya kusaga. Na Rehema naye kajifungua mtoto wa kike. Nilijua kwamba ni huyu au basi. Mimi sizai tena, Mama hana miaka mingi, na jina lililokataliwa na mkubwa wa nyumba, anayemfuata hana ruhusa ya kulitamka. Kabla sijafungua mdomo, Rehema mwenyewe akaniambia, simu mkononi kama kawaida yao, "Mama, huyu namwita Zamda. Jina kali! Kuna dada anauza shanga za Zamda mtandaoni, zinapendeza hizo!" Nikamuuliza unamjua Zamda ni nani. Akasema, "Si mama mkubwa aliyefariki mtoni? Lakini Mama, hayo ya zamani, usiyakuze." Nilitaka kumzaba kibao na uzazi wake. Halafu nikafikiri, afadhali alitake kwa sababu ya shanga kuliko lisiwe na mtu kabisa.

Nikaazimia kufanya ambalo Mjomba hakuwahi, kumkomboa dada. Kabla ya arobaini ya mtoto nilikwenda mjini, kwenye duka la mapambo karibu na soko. Kijana wa dukani, nywele kazichora mistari, alinipokea vizuri. "Shikamoo mama. Karibu, Zamda orijino hizo, za Uluguru."

"Marahaba. Zamda ndiye nani, mwanangu?"

"Binti mfalme huyo, mama. Alilia machozi ya damu kwa ajili ya mchumba wake, machozi yakaganda yakawa jiwe. Ipo mtandaoni."

Mfalme! Baba yetu alikuwa na shamba la mananasi na jembe la kuazima. Mchumba wenyewe dada hakuwahi kuwa naye, alikuwa anataka raba. Nilitaka kumwambia, badala yake nikajikuta nalia mbele ya mtoto wa watu, naye akanivutia kiti na kuniletea maji, masikini, akidhani ni hiyo hadithi yake imenigusa. Nilichagua lililo kubwa kuliko yote mezani, jekundu, wamelisugua na kulichonga duara. Nikalilipia, nikalifunga kwenye kanga, nikarudi nalo nyumbani.

Siku ya arobaini watu walikaa uani kwangu, ndugu kutoka Matombo, na mjukuu wa Babu Pazi naye nilimwita, ili utani uwepo. Mama kakaa kwenye mkeka, mtoto kando yake mikononi mwa Rehema. Nikapiga magoti, nikamwekea jiwe mapajani. "Mama," nikasema, "nimemkomboa. Amerudi. Mpe mtoto jina lake."

Hata Rehema aliweka simu chini. Mama alilipapasa lile jiwe polepole kwa vidole vyote, akaliinua shavuni, akalisikiliza, akalishusha. Nikaona midomo yake inafunguka, nikasema moyoni, Alhamdulillahi, imekuwa.

"Huko ulikomtoa," akaniuliza, "wamebaki?"

"Wamebaki, Mama."

"Wengi?"

Sikuweza kumdanganya. "Meza nzima, Mama. Na maduka mengine wapo."

Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "Sasa mwanangu," akasema, "wewe umemkomboa yupi?"

Mama akalisukuma jiwe likaanguka kwenye mkeka, akanyoosha mikono, akapewa mtoto. Akainama, akamtamkia sikioni, nasi tukasikia: Salima. Jina ambalo kwetu halijawahi kuwa la mtu yeyote. Rehema akanuna kidogo, kisha akaanza kumwita mwanawe hivyo, na sasa tumezoea. Ni mtoto mzuri, ana afya, analia sana usiku.

Wakati wetu mtu alikufa na ukoo ukamngoja. Ungekaa miaka, lakini siku moja ungesikia jina lake linaitwa uani, na mtoto anakuja mbio. Leo dada yangu yupo kwenye vidole na shingo za watu nisiowajua, Dar huko, nasikia na nje ya nchi, anapimwa, anapigwa picha, anasifiwa rangi. Mara nyingine jioni, Mama akiwa amesinzia, natoka mlangoni naita kwa sauti ndogo: Zamda. Haitiki mtu.